Kuchanganya Mbegu za Sungura Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa tena na tena na wafugaji wa Chanika, Kigamboni, Goba, Bunju na Kibamba, kuanzia mwenye majike watatu nyuma ya nyumba hadi mwenye banda la majike hamsini. Nimeyapa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine pale inapohitajika. Nikisema *mbegu* nina maana ya aina ya sungura wanaozaa watoto wanaofanana nao kizazi hadi kizazi. *Chotara* ni mtoto wa mbegu mbili tofauti. *Damu moja* ni ndugu wa karibu.

## Misingi

1. Mbegu gani ya sungura ni bora kwa Dar es Salaam?

Hakuna mbegu inayoshinda zote kwa kila jambo. New Zealand nyeupe, ambayo licha ya jina lake ilitengenezwa Marekani, inajulikana kwa kuzaa vizuri na kuwa na maziwa. Jike mzima hufika kilo 4.5 hadi 5.4. Californian ilitengenezwa kwenye jimbo la California miaka ya 1920 kwa kuchanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand nyeupe. Ni ndogo kidogo, lakini imejaa nyama mgongoni na mapajani. Flemish Giant ya Ubelgiji hupita kilo 6, ila ina mifupa mikubwa, inachelewa kukomaa na inakula sana. Halafu kuna sungura wetu wa kienyeji, wenye rangi za kila namna: wadogo, lakini wameshazoea jua, pumba na majani ya matembele.

Kwa anayetafuta nyama, ushauri wangu ni majike wenye damu ya New Zealand na Californian, *waliozaliwa hapa hapa ukanda wa pwani*. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Sungura aliyekulia ubaridi wa nyanda za juu akishushwa Mbagala mwezi Januari, miezi yake ya kwanza anapigania uhai, hawazi kuzaa.

2. Sungura yeyote mweupe mwenye macho mekundu ni New Zealand?

Hapana. Weupe huo unatokana na jeni (chembe ya urithi) moja inayojificha. Mtoto akiipata kutoka kwa wazazi wote wawili, mwili wake hautengenezi rangi kabisa, na macho yanaonekana mekundu kwa sababu ya damu iliyomo ndani. Jeni hiyo inaweza kuwa kwa sungura wa kienyeji wa kilo 2 vilevile. Rangi haikuambii chochote kuhusu uzazi au ukuaji. Muulize muuzaji mama wa huyu alizaa wangapi, akawafikisha wangapi hadi kuachishwa kunyonya, na walikuwa na uzito gani. Asiyeweza kukujibu anakuuzia ngozi nyeupe.

3. Mtoto hurithi zaidi kwa baba au kwa mama?

Kwa jeni ni nusu kwa nusu. Sungura ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 44, yaani jozi 22, na kila mzazi anatoa moja katika kila jozi. Lakini mama anaongeza vitu ambavyo baba hana: tumbo, kiota na maziwa. Watoto wa sungura hunyonya kwa kawaida mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache, na hadi wiki ya tatu uzito wao ni maziwa ya mama yaliyogeuka nyama. Kwa hiyo uzito wa watoto wakiwa na siku 21 unampima mama zaidi kuliko unavyowapima watoto wenyewe.

Dume naye ana uzito wake wa aina nyingine. Jike mbaya anakuharibia uzao wake mwenyewe. Dume mbaya anayehudumia majike kumi anakuharibia banda zima.

4. Kwa nini chotara huwa na nguvu kuliko wazazi wake?

Kila mbegu imebeba kasoro zake zilizojificha. Ukikutanisha mbegu mbili zisizo na undugu, kasoro za upande mmoja hufunikwa na jeni nzima za upande wa pili. Matokeo ni mnyama aliye bora kuliko wastani wa wazazi wake, na hiyo ndiyo tunayoiita nguvu ya uchotara.

Nguvu hiyo haigawanyiki sawa kwa kila sifa. Inaonekana sana kwenye kushika mimba, idadi ya watoto na watoto kubaki hai. Kwenye kasi ya kukua ni ndogo, na kwenye kiasi cha nyama baada ya kuchinja karibu haipo. Kama tatizo lako ni watoto wachache, changanya mbegu. Kama tatizo lako ni watoto wanaokua taratibu, angalia chakula kwanza, kisha chagua dume (swali la 6).

## Kuchagua wazazi

5. Jike wangu amezaa 11. Mabinti zake nao watazaa 11?

Usitegemee hivyo, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Idadi ya watoto hurithiwa kwa kiasi kidogo sana, karibu asilimia 10 tu. Asilimia inayobaki ni chakula, joto, umri, afya na bahati ya siku ile.

Tufanye hesabu. Tuseme wastani wa banda lako ni watoto 6, na jike mmoja anazaa 10. Amezidi kwa 4. Asilimia 10 ya 4 ni 0.4, hiyo ndiyo sehemu iliyomo kwenye jeni zake. Anampa binti nusu, yaani 0.2. Binti unamtarajia azae 6.2. Ni faida, lakini ya kujenga kwa miaka, si ya kulipia bei mara tatu leo.

Ndiyo maana uzao mmoja hautoshi kumhukumu jike. Subiri mitatu. Na hesabu waliofika kuachishwa kunyonya, si waliozaliwa: jike anayezaa 8 na kulea 7 anakuingizia zaidi ya yule anayezaa 12 na kuzika 8.

6. Na uzito nao unarithiwa kidogo hivyo?

Hapana, kasi ya kukua inarithiwa zaidi. Chukua asilimia 30 kwa hesabu ya haraka. Tuseme sungura wako wakiwa na wiki 12 wana wastani wa kilo 2, na kijana mmoja wa kiume ana kilo 2.5 akiwa amekula chakula kile kile. Amezidi kwa gramu 500. Asilimia 30 ni gramu 150, na nusu yake, gramu 75, inakwenda kwa kila mtoto. Gramu 75 si kitu machoni, lakini dume huyo akizalisha watoto 200 ni kilo 15 za sungura hai ambazo hukuzinunua popote.

Kwa hiyo dume achaguliwe kwa mizani, akilinganishwa na rika lake, katika banda lile lile. Usimlinganishe aliyelelewa na ndugu wawili na aliyegombania chuchu na wenzake tisa. Yule wa kwanza amebebwa na maziwa.

7. Niandike nini kwenye daftari?

Namba ya kila mzazi, kwa hereni au chale ya sikio. Tarehe ya kupandisha na jina la dume. Tarehe ya kuzaa (mimba ni siku 31 au karibu na hapo). Waliozaliwa hai, waliokufa, uzito wa uzao mzima siku ya 21, walioachishwa kunyonya, na uzito wa kila mmoja akiwa na wiki 10 au 12. Hesabu na chuchu pia: nane ndiyo idadi ya chini ninayoikubali kwa jike wa kuzalisha.

Mizani ya jikoni inatosha kuanzia. Watu wananiambia daftari ni kazi. Bila daftari, kila jibu lililo chini ya hapa halina maana kwako.

8. Jike aliyeharibu uzao wa kwanza nimuondoe?

Mpe nafasi ya pili. Jike mwali mara nyingi hutawanya watoto nje ya kiota au hachomoi manyoya ya kutosha, hasa banda likiwa na kelele au akipewa sanduku la kuzalia kwa kuchelewa. Akirudia mara ya pili bila sababu ya nje, anakwenda sufuriani, na mabinti zake usiwaweke.

## Kuchanganya mbegu

9. Nianze na jike gani na dume gani?

Mpango unaotumika katika ufugaji mkubwa duniani una hatua mbili, na unafaa hata kwa banda dogo. Hatua ya kwanza: panda New Zealand kwa Californian upate majike chotara. Hawa ndio mama zako, na faida yao kubwa ni kwamba uchotara uko kwenye mama mwenyewe, anayeshika mimba upesi na kunyonyesha vizuri. Hatua ya pili: wapandishe majike hao kwa dume wa mbegu ya tatu aliyechaguliwa kwa kukua. Watoto wa hatua ya pili wote ni wa kuchinja au kuuza. Hakuna anayebaki kuwa mzazi, hata awe mzuri namna gani.

Kuwabakiza ndiko kunakowashinda watu. Tazama swali la 11.

10. Nikimpandisha dume Flemish Giant kwa majike wa kienyeji nitapata watoto wakubwa haraka?

Utapata watoto wakubwa kuliko mama zao. Haraka, sina hakika utaipenda. Mbegu kubwa hukua kwa muda mrefu. Ukimchinja mtoto wake akiwa na wiki 12 unachinja mifupa ambayo bado haijavaa nyama. Pia mimba ikiwa na watoto wawili au watatu tu, kila mmoja anakuwa mkubwa, na jike mdogo anaweza kukwama wakati wa kuzaa. Nimemzika jike kwa sababu hiyo.

Kama unataka damu ya Flemish, mtumie dume chotara mwenye nusu ya Flemish, na kwa majike wasiopungua kilo 3.5. Dume mwenyewe awe na sakafu nzuri: uzito ule juu ya waya mwembamba unamtoa vidonda nyayoni.

11. Chotara wangu ni wazuri sana. Kwa nini nisiwapandishe wao kwa wao?

Kwa sababu nusu ya ile nguvu inapotea. Mtoto wa mbegu mbili safi ana nakala moja kutoka kila upande katika kila jozi. Ukipandisha chotara kwa chotara wa mchanganyiko uleule, nusu ya jozi zinarudi kuwa za upande mmoja. Watoto wanatoka tofauti tofauti: mmoja mnene, mmoja mwembamba, mmoja kafanana na bibi. Na wasipokuwa na kumbukumbu za undugu, haraka sana unaingia kwenye damu moja (swali la 14).

Anayekuuzia chotara kwa jina la mbegu safi anakuuzia hiyo nusu iliyopotea kwa bei kamili. Muulize kuhusu babu na bibi.

12. Sina uwezo wa kufuga mbegu tatu. Kuna njia rahisi?

Ipo, na kwa banda dogo naipenda kuliko ile ya swali la 9. Weka madume safi wa mbegu mbili tu. Jike aliyezaliwa na dume New Zealand mpandishe kwa Californian. Binti yake mpandishe kwa New Zealand. Mjukuu arudi kwa Californian. Mabinti unajibakizia mwenyewe. Unanunua madume tu. Ukiendelea hivyo unabaki na karibu theluthi mbili ya nguvu ya uchotara kila kizazi. Kwa mbegu tatu zikizungushwa, inafika karibu asilimia 86.

13. Naweza kutengeneza mbegu yangu mwenyewe?

Inawezekana, na nchi za joto zimefanya. Misri walichanganya sungura wao wa asili, Baladi Mwekundu, na mstari V (mstari ni ukoo wa sungura uliochaguliwa kizazi hadi kizazi) uliotoka Valencia, Hispania, wakapata mstari mpya unaoitwa APRI. Saudi Arabia nao walimchanganya sungura wa Gabali na mstari V huo huo. Walichokitafuta ndicho tunachokihitaji huku: uzazi wa mnyama aliyechaguliwa kwa miaka, ndani ya mwili unaostahimili joto.

Lakini kazi ile ilifanywa na vituo vya utafiti, vyenye wanyama wengi na vizazi vingi vya kuchagua bila kukata. Mfugaji mmoja mwenye majike 15 hawezi. Wafugaji kumi wa Chanika wenye daftari la aina moja, wanaobadilishana madume kwa mpango, wanaweza kusogea mbali zaidi ya wanavyodhani. Natamani sana kuliona hilo kabla sijazeeka.

## Damu moja

14. Kila kizazi watoto wangu wanapungua na kudhoofika. Nini kimetokea?

Mara tisa kati ya kumi ni ndugu kwa ndugu. Mimi mwenyewe nilianza na majike sita na dume mmoja, wote nimeuziwa siku moja kama "mbegu ya kisasa", pamoja na ahadi kwamba watoto watanunuliwa. Mnunuzi hakurudi. Baada ya mwaka mmoja nikawa napata watoto wanne kwa uzao, wengine miguu imetawanyika kama ya chura. Nilipofuatilia nikagundua wale saba walikuwa wa baba mmoja, na wanne kati yao wa tumbo moja.

Ukipandisha kaka na dada, au baba na binti, mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 kwenye kila jozi ya jeni kupata nakala mbili zilizotoka kwa mzazi mmoja wa zamani. Kwa wa baba mmoja na mama tofauti ni asilimia 12.5. Kasoro zilizokuwa zimejificha zinakutana. Na sifa zinazoporomoka kwanza ni zilezile ambazo uchotara huzipandisha: mimba, idadi, uhai.

Habari njema ni kwamba dawa yake inafanya kazi kwa kizazi kimoja. Leta dume asiye na undugu kabisa na watoto wa kwanza wanakuwa wamepona.

15. Nina majike 12 na siwezi kununua dume kila mara. Nifanyeje?

Gawa majike makundi matatu ya wanne, kila kundi na dume wake. Paka vizimba rangi: nyekundu, bluu, kijani. Binti siku zote anabaki rangi ya mama yake. Mtoto wa kiume unayemchagua anahamia rangi inayofuata: wa nyekundu aende bluu, wa bluu kijani, wa kijani nyekundu. Ukifuata hivyo, dume hawezi kumpanda mama yake, dada yake wala binti yake, mradi umbadilishe kabla mabinti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Kila baada ya miaka miwili hivi badilishana dume mmoja na mfugaji wa mbali, si jirani mliyenunua kwa mtu mmoja. Na mgeni akae peke yake kwa wiki mbili au tatu kwanza, asikuletee ukurutu bandani.

## Joto

16. Kuanzia Desemba hadi Machi majike hawashiki mimba. Nimeuziwa madume wabovu?

Huenda dume ni mzima, ila ameungua na joto. Sungura hatoi jasho la maana. Joto la mwili wake linatoka kupitia masikio na kwa kuhema. Joto la hewa likizidi nyuzi 30, mbegu za kiume zinapungua na kudhoofika, na kwa unyevunyevu wa Dar mambo yanakuwa mazito zaidi. Kwa kuwa mbegu hizo huchukua karibu miezi miwili kutengenezwa na kukomaa, dume aliyeteseka Februari anaweza kukuangusha hata Aprili. Usimchinje kabla hajapata nafasi ya miezi ya ubaridi.

Kuna upande wa kurithi pia. Mwili mkubwa hupoteza joto kwa shida kuliko mdogo, na manyoya mazito huongeza mzigo. Ndiyo maana Angora, mbegu ya manyoya marefu, simshauri mtu yeyote wa Pwani. Andika ni madume gani waliozalisha Februari, na vijana wako wa kiume wachague kutoka kwao. Pandisha alfajiri, na vizimba vya madume viwe pahali penye kivuli na upepo kuliko pote.

## Mambo yanayotatanisha

17. Nimepanda mweupe kwa mweupe, wote macho mekundu, akazaliwa wa kijivu. Inawezekana?

Hapana. Wazazi wote wawili hawana jeni ya kutengeneza rangi kamili, kwa hiyo hawawezi kuitoa. Dume mwingine ameingia, au jike alikuja na mimba. Kinyume chake kinawezekana kabisa: wazazi wawili wa kijivu wakazaa mweupe, ikiwa kila mmoja ameibeba jeni ya weupe kimya kimya.

18. Californian wangu walikuwa na masikio meusi, sasa yamefifia. Si safi?

Rangi ile inatengenezwa sehemu zenye ubaridi tu: pua, masikio, miguu na mkia. Kwenye joto letu hufifia hata kwa aliye safi. Lakini chotara wake na New Zealand nyeupe naye huwa na alama zilizofifia, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. Rudi kwenye kumbukumbu.

19. Nyama ina mafuta ya njano. Ni ugonjwa?

Siyo. Ni jeni inayojificha: sungura mwenye nakala mbili hawezi kuvunja rangi ya njano iliyomo kwenye majani, ikabaki kwenye mafuta. Nyama ni salama. Wateja wengine wataikataa, basi usiwarudie wazazi hao pamoja.

20. Meno yanarefuka hadi hawezi kula.

Yakianza kwa sungura mzima mmoja, huenda ameumia kwa kutafuna waya. Yakitokea kwa watoto wawili watatu wa uzao mmoja, ni ya kurithi, na wazazi *wote wawili* wameibeba. Waondoe wote kwenye kuzalisha. Kumuondoa mama peke yake ni kuiacha jeni ikitembea na dume.

21. Nimepanda madoadoa kwa madoadoa, wengine wametoka karibu weupe wote na wamekonda.

Kwa mbegu za madoa kama Checkered Giant, robo ya watoto hupata nakala mbili za jeni ya madoa. Hao huwa na madoa machache sana, na wengi wana utumbo mpana usiofanya kazi vizuri. Mpande wa madoa kwa wa rangi moja, tatizo linaisha. Mkanda mweupe wa mbegu ya Dutch ni jeni nyingine, hauhusiki.

22. Naweza kutumia madume wawili siku moja ili jike ashike?

Anaweza kushika, kwa sababu yai la sungura hutoka saa kumi hivi baada ya kupandwa. Lakini uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, na daftari lako limekufa. Rudia dume yuleyule.

23. Naweza kumchanganya na sungura wa porini ili apate ustahimilivu?

Kiswahili kinawaita wote sungura, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Yule wa vichakani Kisarawe na Bagamoyo ni mnyama mwingine: ana kromosomu 48, huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi, ilhali wa bandani ana 44 na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Hawazai pamoja. Simbilisi naye, ambaye wengine humweka kizimba kimoja na sungura, ni wa mbali zaidi ya hapo. Mtenge, maana sungura humwambukiza magonjwa ya kifua.